Nani Aliyesema Bahari Iko Kimya?

Mwezi Mei mwaka 1956, katika tamasha la filamu la Cannes nchini Ufaransa, tuzo kuu ya Palme d'Or ilikwenda kwa filamu isiyosimulia mapenzi wala vita. Ilikuwa filamu ya bahari. Waongozaji wake walikuwa mwanamaji Jacques-Yves Cousteau na kijana wa miaka 23, Louis Malle. Jina lake la Kifaransa, Le Monde du silence, twaweza kulifasiri "Ulimwengu wa Kimya". Mwaka uliofuata ikapata na tuzo ya Oscar. Ilipita karibu nusu karne kabla filamu nyingine ya hali halisi haijatwaa tuzo ile ya Cannes, mwaka 2004.

Jina lile lilikuwa zuri, tena la kishairi, lakini halikuwa la kweli. Bahari haiko kimya, wala haijapata kuwa kimya. Ajizamishaye kwenye mwamba wa matumbawe husikia mchakariko usiokoma, mfano wa mafuta yanayokaangiwa. Ni kamba wadogo wanaofyatua magando yao, maelfu kwa maelfu. Husikia pia meno ya samaki yakitafuna jiwe. Basi kimya hicho kilitoka wapi? Nadhani hakikutoka majini, bali kilitoka katika neno ambalo watu walishuka nalo. Na hilo ndilo ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji: katika historia ya filamu za bahari, neno hutangulia kamera. Likiwa neno lenye uoni, kamera huona; likiwa potovu, kamera hupotoka pamoja nalo.

Sisi wapenzi wa ushairi tuna sababu ya pekee ya kuijali historia hii. Katika lugha yetu neno bahari hubeba maana mbili. Ni maji ya chumvi, na ni mkondo wa tungo. Tunapozitaja bahari za ushairi tunakusudia utenzi, shairi, wimbo, ukawafi na nyinginezo, na miongoni mwake imo kimai, bahari ya tungo za mabaharia na wavuvi. Wahenga walioliazima neno hilo kutoka Kiarabu na kulitia katika fani hawakuona ajabu kuyaweka maji na maneno chini ya jina moja.

Filamu za chini ya bahari zilianza kwa uadui. Mwaka 1914, katika visiwa vya Bahama, John Ernest Williamson alitumia bomba refu lililobuniwa na baba yake, aliyekuwa nahodha wa meli. Mwisho wa bomba hilo palikuwa na chumba cha chuma chenye dirisha la kioo, na humo mpiga picha aliweza kukaa chini ya maji bila kulowa. Lakini apige picha ya nini? Williamson alihitaji kisa, na kisa alichokijua ni cha mtu dhidi ya mnyama. Mzoga wa farasi ukatumiwa kuwavuta papa, kisha yeye mwenyewe akaingia majini na kisu, akamuua papa mmoja mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye alishiriki katika filamu iliyotokana na riwaya mashuhuri ya Jules Verne juu ya safari za nyambizi, na kwa ajili yake akaunda pweza wa bandia, mkubwa wa kutisha, wa kupambana na wazamiaji. Pweza halisi, ambaye amwonapo mtu hujikunja na kuingia pangoni mwake, asingefaa kwa kisa kile. Neno lililotangulia lilikuwa "dubwana". Kamera ikalitafuta dubwana, na lilipokosekana likatengenezwa.

Mfaransa Jean Painlevé alishika njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1930 alitoa filamu fupi juu ya farasi wa bahari, kisamaki kisimamacho wima majini. Hakukipa kisa cha vita. Alikitazama kwa subira mpaka kikamwonyesha jambo ambalo watazamaji wengi wa zama zile hawakulidhania: jike hutaga mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume ndiye ayabebaye na ndiye azaaye. Painlevé aliuonyesha utungu wa baba huyo, anavyojikunja na kujinyoosha mpaka vitoto vimtoke. Ukumbini watu walitazama mnyama aliyeyapindua maneno "baba" na "mama" kama walivyozoea kuyatumia.

Wakati huohuo, huko Bermuda, jambo jingine lilikuwa likitendeka ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha historia hii. William Beebe, mtaalamu wa viumbe kutoka Marekani, na mhandisi Otis Barton walijifungia katika tufe la chuma ambalo kipenyo chake cha ndani hakikufikia mita moja na nusu. Kuanzia mwaka 1930 walishushwa kwa kamba ya waya, kila mara chini zaidi, na tarehe 15 Agosti 1934 wakafika mita 923. Hakuna mtu aliyekuwa amekifikia kilindi kama hicho akarudi na habari. Vyombo vya picha vya siku zile havikuweza kunasa ipasavyo yale ambayo jicho la Beebe liliyaona katika giza lile: samaki wenye taa miilini, cheche zinazopita na kupotea. Alichokuwa nacho ni waya wa simu. Alisema aliyoyaona, na juu melini Gloria Hollister akayasikiliza kwa vipokezi vya masikioni na kuyaandika neno kwa neno. Mwezi Septemba mwaka 1932 sauti yake ilirushwa na redio kutoka humo humo kilindini, watu wakaisikiliza Marekani na Uingereza. Baadaye msanii Else Bostelmann, ambaye hakuingia katika lile tufe, alichora viumbe wale kwa kuyafuata maneno.

Tafakari hali hiyo. Picha za mwanzo za kilindi walizoziona wasomaji wa magazeti zilitoka kinywani. Jicho lilimwambia ulimi, ulimi ukaliambia sikio, sikio likauambia mkono. Beebe alikuwa msimulizi kabla ya filamu aliyostahili kuisimulia. Na hatari ya kazi hiyo ilionekana papo hapo, kwa kuwa baadhi ya samaki aliowapa majina kwa kuwaona dirishani tu hawajapatikana tena hadi leo. Neno laweza kutangulia kamera, na laweza pia kwenda mahali ambako kamera haitalifuata kamwe.

Sasa turudi kwa Cousteau. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kifaa cha kupumulia kilichomwezesha mzamiaji kuogelea huru, mtungi wa hewa mgongoni, bila kufungwa na bomba la juu. Ndicho kilichozaa filamu ya mwaka 1956. Meli yake, Calypso, ilikuwa zamani ya kusafisha mabomu baharini wakati wa vita. Sehemu ya filamu ilipigwa katika Bahari yetu ya Hindi, kwenye kisiwa cha Assumption huko Shelisheli, ambako chewa mmoja aliwazoea wazamiaji kwa kulishwa, hata wakalazimika kumfungia kizimbani ili wapate kufanya kazi.

Watazamaji walimpenda chewa yule. Lakini filamu hiyohiyo ina mambo ambayo mtazamaji wa leo huyatazama kwa uchungu. Mwamba wa matumbawe unalipuliwa kwa baruti, na msimulizi anaeleza kwamba ndiyo njia ya kuwahesabu samaki wote wa mahali pale. Katika pwani ya Tanzania tendo hilo huitwa uvuvi wa baruti, na ni kosa la jinai. Mabaharia wanawapanda kobe kwa mchezo. Mtoto wa nyangumi anajeruhiwa na rafadha ya meli, anamalizwa, na papa wanapokuja kumla, mabaharia wanawavuta papa hao melini na kuwapiga mpaka kufa, kana kwamba wanalipiza kisasi kwa kosa walilolitenda wao wenyewe. Haya hayakufichwa. Yaliwekwa katika filamu kwa fahari, majaji wakayaona, wakatoa tuzo.

Naona uhusiano kati ya matendo hayo na jina la filamu. Ulimwengu wa kimya ni ulimwengu usiojibu, na asiyejibu ni rahisi kumtenda upendavyo. Hata hivyo, haki yataka tuseme na la pili. Cousteau hakubaki pale. Mwaka 1960 alisimama hadharani kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania, na filamu zake za televisheni, zilizoanza kurushwa Marekani mwaka 1968, kadiri miaka ilivyokwenda zikawa sauti ya kuitetea bahari. Alifariki mwaka 1997 akiwa anajulikana zaidi kwa utetezi huo kuliko kwa baruti.

Aliyekivunja kile kimya hakuja na kamera. Mwaka 1967, tena Bermuda, mwanabiolojia Roger Payne na mkewe Katy walipewa na mhandisi Frank Watlington kanda za sauti alizozinasa chini ya maji. Zilikuwa sauti za nyangumi wenye nundu. Payne alizisikiliza mara kwa mara mpaka akatambua kwamba hazikuwa makelele yaliyotawanyika, bali zilikuwa na mpango: vipande vinavyorudiwa, vipande hivyo vikikusanyika kuwa mafungu, mafungu yakifuatana kwa taratibu maalumu, na wimbo mzima ukiisha unaanza upya. Mwaka 1970 sauti hizo zilitolewa katika santuri, na mwaka 1971 Payne na Scott McVay wakauchapisha uchunguzi wao katika jarida la Science.

Malenga wanaosoma makala haya bila shaka wamekwisha kukisikia kibwagizo. Lakini la ajabu zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1988 Katy Payne na Linda Guinee walionyesha kwamba katika nyimbo hizo mna miishio inayofanana, mfano wa vina, na kwamba miishio hiyo hupatikana zaidi katika nyimbo zilizo ndefu na tata. Wakapendekeza kwamba huenda humsaidia nyangumi kukumbuka. Kila mwanafunzi wa utenzi ajua kwamba vina havikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake. Ndivyo vilivyowawezesha mababu kuhifadhi beti mamia kwa mamia vifuani, bila karatasi. Wala waimbaji hao si wageni kwetu. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hutoka bahari baridi za kusini wakapita katika maji ya Tanzania na Kenya, na madume huimba. Tangu santuri ile, dunia iliwasikiliza kwa namna nyingine. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura ya kusitisha uwindaji wao wa kibiashara. Santuri moja haikuleta uamuzi huo peke yake, lakini ni vigumu kumtetea bubu, na nyangumi hawakuwa bubu tena.

Tusogee karibu na nyumbani zaidi. Mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini, alipatikana samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Wakamwita silikanti. Kwa miaka 14 walimtafuta wa pili, hata wakatoa matangazo yenye picha na ahadi ya zawadi, mpaka akapatikana Komoro mwaka 1952. Hapo ndipo ilipobainika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua mara mojamoja siku zote, hawakumthamini sana kwa kitoweo, na walikuwa na jina lake: gombessa. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo kandokando ya Ngazija, na usiku, karibu mita 200 chini, akawa wa kwanza kumpiga filamu samaki huyo akiwa hai makaoni mwake. Dunia ilistaajabu kumwona akisimama kichwa chini miguu juu, kama tungekuwa na ruhusa ya kuyaita mapezi yake miguu. Kamera ilikuwa imefika. Lakini neno lilikuwa limefika zamani, katika lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili. Leo samaki huyo ana hifadhi yake Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, na sisi tunamwita kwa jina la kigeni lililotamkwa Kiswahili.

Mfano wa mwisho ni wa karibuni. Mwaka 2017 shirika la BBC lilirusha mfululizo wa Blue Planet II, uliosimuliwa na David Attenborough, baada ya safari 125 za upigaji picha na zaidi ya saa 6,000 za kuzamia. Humo mna kolekole mkubwa wa kisiwa cha Farquhar, Shelisheli, anayewavizia makinda wa ndege wa baharini, akaruka na kuwadaka hata wakiwa angani. Watengenezaji walikwenda kule wakiwa hawana picha yoyote iliyowahi kuonyesha jambo hilo. Walikuwa na hadithi za wavuvi tu. Waliziamini, wakasafiri, na hadithi zikathibitika. Mfululizo huohuo ulipofunga kwa kuonyesha plastiki baharini, watu wengi walibadili mazungumzo yao juu ya plastiki, na sehemu kubwa ya nguvu ile ilikuwa sauti ya mzee yule anayesema kwa utulivu juu ya picha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Filamu hizi zinatuonyesha kwamba mwenye macho huambiwa, na ndipo hutazama.

Na sisi je, tumeambiwa nini na lugha yetu? Zamani kabla ya kamera, Kiswahili kilikwisha kupiga picha zake. Tunasema mtu amelala kama pono. Nuru za wapiga filamu wa usiku zimeonyesha jinsi pono anavyolala miambani kwa usingizi mzito, baadhi ya aina zake zikiwa zimejifunika utando wa ute kama chandarua. Tunasema hasira za mkizi tijara kwa mvuvi, kwa kuwa aliyetunga methali hiyo alimwona samaki akiruka kwa ukali na kuangukia chomboni. Yule kiumbe wa pembe tano alalaye mchangani tukamwita kiti cha pweza. Papa mkubwa kuliko samaki wote, asiyemdhuru mtu, Mafia humwita potwe, na huonekana huko hasa kati ya Oktoba na Machi. Kenya huitwa papa shilingi, na husimuliwa kwamba Mungu alipomwumba alipendezwa naye hata akamtupia shilingi za fedha mgongoni, ndizo zile doa nyeupe. Kila jina kati ya haya ni filamu fupi, na msimulizi wake ni mtu aliyekuwapo.

Lakini majina yasiposemwa hufa. Kwa miaka niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, nilipowaonyesha wanafunzi picha za kiti cha pweza, wengi walisema "samaki nyota", na walio hodari zaidi walinitajia jina la Kiingereza. Si kosa lao. Filamu za bahari waliziona, ila zote zilisema nao kwa lugha nyingine, na pale maneno yalipofasiriwa, mfasiri alifasiri kutoka kamusi ya kigeni badala ya kuuliza ufukoni. Samaki nyota ni maneno mawili yasiyomjua pweza. Mtoto akilishika hilo na kuliacha lile, anapoteza habari ya kwamba viumbe hawa wawili ni majirani. Na asiyejua kwamba kiumbe fulani yupo kwa jina, hatajua siku kiumbe huyo atakapokuwa hayupo.

Yamkini mtu atauliza: na wale wa vilindini, wenye taa miilini, ambao hakuna mvuvi aliyewaona, tuwaite nani? Swali ni la haki, na jibu limo katika majina tuliyokwisha kuwa nayo. Kiti cha pweza kilitokana na ujirani, papa shilingi alitokana na kisa. Hiyo ndiyo kanuni ya kuunda: mtazame kiumbe, uone anafanana na nini, anatenda nini, anakaa na nani, kisha useme kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa. Tofauti za lahaja nazo zisitutishe. Potwe na papa shilingi wote wawili waandikwe, kama malenga anavyoweka akiba ya visawe kwa ajili ya kina kitakachomkwama.

Kwa hiyo, ombi langu kwa watunzi ni dogo na la kazi. Nendeni sokoni asubuhi vyombo vinaporudi, au kwa mzee mmoja aliyewahi kutega dema, mkaulize majina, na mkiisha kuyapata ulizeni kwa nini. Yaandikeni pamoja na mahali yalikosemwa. Kisha chagueni kiumbe mmoja na mumtungie usimulizi wa dakika tatu, kwa nathari au kwa kimai, wa kusomwa kwa sauti juu ya picha. Vijana wetu wenye kamera za kuzamia wapo Unguja, Mafia, Malindi na Watamu, na wengine watahitaji maneno kabla ya mwaka kwisha. Wayakute tayari.